Mtihani wa CCNA: Ada ilipwe mwisho, si mwanzo

MFANYABIASHARA wa Korogwe au Handeni hahitaji kufafanuliwa maneno "mtandao hakuna". Mashine ya stakabadhi haitumi hesabu, wakala wa fedha za simu anarudisha wateja, na kwenye dirisha la benki foleni haisogei. Saa moja ya namna hiyo siku ya gulio ni mauzo yaliyopotea. Wakati mwingine kosa liko kwenye mnara au kwenye mkongo ulio mbali, na hakuna la kufanya ila kusubiri. Lakini mara nyingine liko ndani ya jengo lile lile: kebo iliyokatika, swichi iliyopangwa vibaya, au mashine mbili zilizopewa anwani moja. Hapo mwenye bei ni fundi anayejua pa kuanzia kutafuta.

Ufundi huo una cheti, cheti kina mtihani, na mtihani una ada inayotozwa kwa dola. Katika kata kama Mpale, wilayani Korogwe, ambako kampuni ya Ensol ilijenga gridi ndogo ya umeme wa jua, kijana aliyemaliza shule anaweza kuwasha kompyuta usiku na kusoma somo lile lile linalosomwa Dar es Salaam au Nairobi. Swali linalobaki ni la fedha, nalo humwangukia mzazi, mjomba au shangazi mwenye duka: je, mahindi na maharage yakishauzwa, ada hiyo ilipwe?

Jibu fupi ni ndiyo, lakini si siku ya kwanza. Mtihani wa mitandao ni uwekezaji wa aina yake. Elimu yenyewe hupatikana kwa gharama ndogo, wakati nusu ya mtaji wote huteketea katika saa mbili za mwisho. Anayelipa ada kwanza ili "kujilazimisha kusoma" ananunua hasara kwa bei ya rejareja.

BIDHAA YENYEWE

Mtihani unaotajwa zaidi katika matangazo ya ajira za mitandao ni CCNA wa kampuni ya Cisco ya Marekani. Cheti hicho kilianza kutolewa mwaka 1998. Tangu Februari 24, 2020 hupatikana kwa mtihani mmoja wenye namba 200-301, ambao mada zake zilifanyiwa marekebisho Agosti 2024. Mtahiniwa hupewa dakika 120. Ada iliyokuwa ikitangazwa hadi mwaka 2025 ni Dola 300 za Marekani, kabla ya kodi, na cheti hudumu miaka mitatu tu.

Upo pia mtihani wa Network+ wa CompTIA, ambao haujifungi kwenye vifaa vya kampuni moja. Una maswali yasiyozidi 90 katika dakika 90, alama ya kufaulu ni 720 katika kipimo kinachofika 900, na ada yake ya Marekani imezidi Dola 300. Chini ya hiyo miwili, Cisco ilianzisha cheti cha mwanzo kabisa kiitwacho CCST, ambacho ada yake ilitangazwa kuwa Dola 125 na mtihani wake ni wa dakika 50. Hicho ni ngazi ya kuanzia kwa asiyewahi kugusa kazi hii, ingawa uzito wake mbele ya mwajiri ni mdogo kuliko wa CCNA.

Kwa Tanzania, bidhaa hii ni changa kuliko inavyodhaniwa. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na masharti hayo yalilegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Akademia za Cisco zilianza Marekani mwaka 1997. Julai 2000 kampuni hiyo na shirika la UNDP walitangaza mpango wa kuzifikisha katika nchi maskini zaidi duniani. Kituo cha Kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachojulikana kama UCC, ni miongoni mwa taasisi zilizotoa mafunzo hayo nchini.

Mahitaji yalikuja kwa kasi baada ya hapo. M-Pesa ya Vodacom iliingia nchini mwaka 2008. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Mashine za kodi za kielektroniki zilianza kutumika mwaka 2010. Kila hatua kati ya hizo ilimfanya mwenye duka, mwenye ghala na hata mwenye shamba la mkonge kutegemea waya ambao hapo awali hakuwa nao.

HESABU YA MTAJI

Yafaa mwekezaji mdogo aandike gharama zote kabla ya kutoa hata senti. Makisio yafuatayo ni ya mfano, kwa kijana anayesomea Mpale na kufanyia mtihani Dar es Salaam. Dola imehesabiwa kwa Sh. 2,500 ili kurahisisha hesabu:

Kompyuta ya mkononi iliyotumika: Sh. 500,000.
Vifurushi vya intaneti, miezi mitano kwa Sh. 20,000: Sh. 100,000.
Umeme: Sh. 21,000.
Nauli, malazi na chakula cha safari: Sh. 120,000.
Ada ya mtihani, Dola 300: Sh. 750,000.
Jumla: Sh. 1,491,000.

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, ada peke yake ni nusu ya mtaji wote. Kompyuta ikikaa miezi mitano bado inauzika, na elimu iliyoingia kichwani haitoki, lakini ada ya mtihani ulioshindwa hairudi.

Pili, ada hiyo inapanda na kushuka pamoja na dola. Ikibadilishwa kwa Sh. 2,300 ni Sh. 690,000, na kwa Sh. 2,700 ni Sh. 810,000. Tofauti hiyo ya Sh. 120,000 inatosha kulipia safari nzima katika makisio hayo. Anayekusudia kulipa baada ya miezi mitano anatakiwa aweke akiba ya kukidhi mtikisiko huo, kama afanyavyo mwagizaji wa vipuri.

Tatu, umeme ambao wengi huuogopa ndio gharama ndogo kuliko zote. Kompyuta ya mkononi hula takriban wati 50. Kwa saa mbili kila usiku, usiku 105, jumla ni uniti kumi na nusu. Hata kama uniti moja ingeuzwa kwa Sh. 2,000, ni Sh. 21,000 kwa somo zima.

KINACHOPIMWA

Cisco hutangaza mada za mtihani na uzito wake, na mwekezaji anapaswa kuzisoma kama anavyosoma mizania. Misingi ya mitandao ni asilimia 20. Namna vifaa vinavyojiunga na mtandao kupitia swichi na mitambo isiyotumia waya ni asilimia 20. Namna data inavyosafirishwa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine kupitia ruta ni asilimia 25. Huduma za anwani na majina ni asilimia 10, misingi ya usalama asilimia 15, na uendeshaji wa mitandao kwa programu asilimia 10.

Mafungu matatu ya kwanza yanafikia asilimia 65. Ni dhahiri kwamba kijana anayetumia mwezi mzima kusoma habari za programu za kisasa kwa sababu zinavutia, huku ruta hazijui, amepanga bidhaa vibaya kwenye rafu zake.

Aidha, mtihani una tabia mbili ambazo huwaumiza wageni. Swali likishajibiwa na kupitwa, halirudiwi. Hakuna kuruka gumu na kulirejea baadaye. Vile vile CCNA haifanywi kwa Kiswahili. Kijana ambaye Kiingereza chake cha kusoma ni kizito atapoteza dakika kwa kuelewa swali kabla ya kuanza kulitafutia jibu. Kwake yeye, kusoma maelezo ya Kiingereza kila siku ni sehemu ya maandalizi sawa na kusoma ruta.

SHAMBA LENYE ANWANI 256

Mada inayowaangusha wengi ni ya kugawa anwani. Inafaa msomaji anayelipa ada aifahamu walau kidogo, maana ndiyo itakayomwezesha kumpima anayemlipia.

Kila kifaa kwenye mtandao kina anwani ya namba nne zinazotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Mfano ni 192.168.10.5. Fungu moja la kawaida lina anwani 256. Lichukuliwe kama shamba lenye vipande 256 ambalo sheria yake ni moja: hukatwa nusu kwa nusu tu. Kutoka 256 hupatikana 128, kisha 64, 32, 16 na kuendelea. Hakuna kukata 50 wala 100.

Katika kila kipande, anwani mbili hazigawiwi kwa mtu. Ya kwanza ni jina la kipande chenyewe, na ya mwisho hutumika kutangazia vifaa vyote vilivyomo. Kwa hiyo kipande cha 64 kina nafasi 62 za vifaa, cha 32 kina 30, na cha 16 kina 14.

Tuseme chama cha akiba na mikopo mjini Korogwe kina mashine 50 za kazi, kamera 20 za ulinzi na nafasi 10 za wageni. Meneja anataka makundi hayo matatu yatengane ili mgeni mwenye simu asiweze kufika kwenye hesabu za wanachama. Fundi huanza na kundi kubwa. Mashine 50 zinahitaji kipande cha 64, yaani kuanzia 192.168.10.0 hadi 63. Kamera 20 zinatoshewa na kipande cha 32, kuanzia 64 hadi 95. Wageni 10 wanapewa kipande cha 16, kuanzia 96 hadi 111. Zilizotumika ni 112, na zinabaki 144 kwa ajili ya tawi litakalofunguliwa kesho.

Sasa swali la mtihani: kamera yenye anwani inayoishia na 70 na simu ya mgeni inayoishia na 100, je, zinaweza kuzungumza moja kwa moja? Hapana. Ziko katika vipande tofauti, na mawasiliano yao lazima yapitie kwenye ruta. Hapo ndipo fundi huweka amri ya kuruhusu au kukataa. Asiyejua hesabu hii huweka kila kitu kwenye kipande kimoja, na chama kikabaki na mlango wazi ambao hakuna anayeuona.

Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawa kwa mbili, isiyozidi kiwango cha shule ya msingi. Kinachohitajika ni mazoezi mpaka jibu lije chini ya dakika moja, kama vile muuza duka anavyotoa chenji bila kuandika.

SAA 210

Mafunzo ya akademia ya Cisco kwa ajili ya CCNA yamegawanywa katika kozi tatu, na kila moja imekadiriwa kuchukua saa 70. Jumla ni saa 210. Anayesoma saa mbili kila usiku anahitaji usiku 105. Akisoma siku tano kwa wiki na kuacha mbili kwa ajili ya shamba, ibada na msiba, atatumia wiki 21.

Kalenda hiyo inaweza kulinganishwa na misimu. Anayeanza mwanzoni mwa Juni, baada ya kazi za masika kupungua, atafunga saa zake 210 mwishoni mwa Oktoba. Wiki nne za marudio zitamfikisha mwishoni mwa Novemba. Tatizo ni kwamba marudio hayo yataangukia kwenye kazi za vuli. Familia inayotaka mtihani ufaulu itabidi ikubali kupunguza mikono shambani kwa wiki hizo, au isogeze mtihani mbele. Kujidanganya kwamba yote mawili yatafanyika kwa nguvu ile ile ndiko huleta matokeo nusu nusu, shambani na darasani.

Kwa upande wa vifaa, si lazima kununua ruta na swichi. Cisco hutoa programu iitwayo Packet Tracer, ambayo hutolewa bure kwa aliyejiandikisha katika akademia yake. Ndani yake mwanafunzi huchora mtandao mzima, huunganisha kebo, huandika amri na kuona kama ujumbe umefika. Mazoezi yakishapakuliwa, hayadai intaneti ya kasi kila dakika. Kwa mtu wa Mpale hilo ni jambo kubwa, kwani kifurushi kinabaki kwa ajili ya masomo na majaribio tu.

Hata hivyo, programu haifundishi mikono. Kebo ya kawaida ya mtandao ina nyaya nane zilizosokotwa jozi nne, hupangwa kwa rangi maalumu kwenye kichwa chake, na haitakiwi kuzidi mita 100 kutoka swichi hadi kifaa. Kijana aliyefaulu mtihani bila kuwahi kubana kichwa cha kebo atatia aibu siku ya kwanza kazini. Siku chache za kujitolea kwa fundi aliyepo Korogwe mjini au Handeni, hata bila malipo, zina thamani kuliko kitabu cha ziada.

BEI YA HARAKA

Hapa ndipo hesabu ya mwekezaji inapotofautiana na hamu ya mwanafunzi. Anayeshindwa CCNA hulazimika kusubiri siku tano kabla ya kujaribu tena, na hulipa ada kamili upya. Kwa makisio yaliyotangulia, ada na safari ya pili ni Sh. 870,000. Mtaji mzima unapanda kutoka Sh. 1,491,000 hadi Sh. 2,361,000.

Tuchukue wanafunzi wawili. Wa kwanza ameketi mapema, na uwezekano wake wa kufaulu kila anapojaribu ni nusu kwa nusu. Kwa wastani, mtu wa namna hiyo hulipa ada mara mbili hadi afaulu, yaani Sh. 1,500,000. Wa pili amesubiri wiki nne zaidi na uwezekano wake umefika mara nne katika tano. Wastani wa ada yake ni Sh. 937,500. Tofauti ni Sh. 562,500. Hiyo ndiyo bei ya haraka, na ndiyo thamani ya wiki nne za kurudia somo kwa umeme wa jua usiofika Sh. 10,000.

Ni kazi chache mno kijijini zinazoweza kumlipa kijana Sh. 562,500 kwa wiki nne. Kwa hesabu hiyo, kusubiri si uvivu.

Lakini kusubiri bila kipimo nako hugeuka kuwa visingizio. Cisco haitangazi alama ya kufaulu ya CCNA, hivyo familia haina budi kujiwekea vipimo vyake. Vitatu vinatosha. Cha kwanza, kijana agawe fungu la anwani kwa makundi matatu aliyopewa papo hapo, bila kikokotoo, na aeleze kila hatua kwa maneno ambayo mwenye duka anayaelewa. Cha pili, ajenge mtandao wa ofisi kwenye Packet Tracer, mwenzake auharibu kwa siri sehemu mbili, naye azitafute na kuzirekebisha kabla ya nusu saa kuisha. Cha tatu, apate asilimia 85 au zaidi katika mitihani miwili ya mazoezi ambayo hajawahi kuiona, iliyofanywa wiki tofauti.

Akivuka vyote vitatu, ada ilipwe wiki hiyo hiyo, kabla kumbukumbu haijapoa. Akikwama kimoja, fedha zibaki zilipo.

WALANGUZI WA MAJIBU

Kama katika soko lolote lenye bidhaa ghali, hapa pia wapo walanguzi. Hujitokeza na faili za "maswali halisi ya mtihani pamoja na majibu", au huahidi kufaulu kwa uhakika. Mwekezaji awaogope kwa sababu mbili. Cisco inaweza kufuta matokeo ya aliyetumia maswali ya wizi na kumzuia kufanya mitihani yake, na hapo mtaji wote unakufa kwa siku moja. Sababu ya pili ni ya soko: aliyekariri majibu hujulikana mara tu mwajiri anapomweka mbele ya swichi iliyokufa. Cheti chake hakitamsaidia, na kitawaharibia wengine wenye cheti hicho hicho.

Wapo pia wanaouza vocha za ada kwa bei ya chini isiyo ya kawaida. Vocha huwa na tarehe ya mwisho, na iliyokwisha muda ni karatasi tupu. Punguzo la kweli lipo, lakini njia yake inajulikana: wanafunzi wa akademia wanaofanya vizuri mtihani wa mwisho wa kozi huweza kupewa punguzo la ada ya CCNA. Kabla ya kumlipa mwalimu au kituo chochote, muulize swali moja: je, akademia hii imesajiliwa na Cisco, na wanafunzi wake hupata punguzo hilo? Kituo kinachobabaika kujibu kimeshajibu.

Mtihani wenyewe husimamiwa na kampuni ya Pearson VUE kupitia vituo vilivyoidhinishwa. Jina lililosajiliwa lazima lifanane na la kitambulisho; herufi iliyokosewa inaweza kumrudisha mtu mlangoni. Ipo pia huduma ya kufanyia mtihani nyumbani chini ya uangalizi wa kamera, lakini hudai chumba cha faragha na intaneti isiyokatika. Kwa mtu wa kijijini, nauli ya kwenda kituoni ni bima nafuu kuliko kuweka rehani Dola 300 kwenye mawimbi ya simu.

FAIDA INATOKA WAPI

Cheti si ajira. Hili lisemwe wazi, maana ndipo familia nyingi huvunjika moyo. Cheti hufungua mlango wa usaili na humpa mwenye nacho sauti ya kutaja bei ya kazi. Kazi yenyewe lazima itafutwe.

Kwa kuwa CCNA hudumu miaka mitatu, mtaji wa Sh. 1,491,000 unapaswa kugawanywa kwa miezi 36. Jibu ni karibu Sh. 41,400 kwa mwezi. Hicho ndicho kiwango cha kutopata wala kukosa. Ikiwa cheti kitamwongezea kijana zaidi ya hapo kila mwezi, kwa mshahara au kwa kazi za vibarua za kufunga kamera, kutenganisha mtandao wa ofisi na wa wageni, au kutunza mitambo ya shule na zahanati, uwekezaji una faida. Akikaa mwaka mzima bila kazi yoyote, mgawo unakuwa wa miezi 24, nao unapanda hadi Sh. 62,000 na ushei.

Kwa sababu hiyo, soko litafutwe kabla ya mtihani. Mwezi mmoja kabla ya kulipa ada, kijana apite kwenye maduka ya jumla, vyama vya akiba, hoteli za barabarani na mashamba ya mkonge kati ya Mombo, Korogwe na Segera. Aulize nani huwatengenezea mtandao, hutoka wapi, na huchukua siku ngapi kufika. Endapo jibu ni kwamba fundi hutoka Tanga au Arusha na huja baada ya siku tatu, soko lipo. Endapo kila mtu ana fundi wa karibu anayemridhisha, ni afadhali kufikiria mji mwingine mapema, na gharama ya kuhamia iingizwe kwenye hesabu.

Miaka mitatu ikiisha, cheti huhuishwa kwa kufanya mtihani tena au kwa kukusanya pointi 30 za masomo ya kujiendeleza. Aliye kazini hulipia gharama hiyo kutokana na kazi. Asiye kazini asikimbilie kuhuisha. Ajiulize kwanza kwa nini miaka mitatu ya kwanza haikulipa.

USHAURI KWA MWEKEZAJI MDOGO

Mzazi au mjomba anayeombwa Dola 300 leo asikatae, na asilipe. Anunue kwanza kompyuta iliyotumika, alipie kifurushi cha mwezi mmoja, na amwambie kijana aanze kozi ya kwanza. Mwezi ukiisha, amwite mezani na kumpa shamba la anwani 256 aligawe mbele yake. Atakayekuwa amefika hapo kwa mwezi mmoja ana dalili za kufika mwisho. Atakayekuja na hadithi amempotezea mfadhili wake kifurushi kimoja, na kompyuta bado ina mnunuzi.

Fedha za ada zitengwe tangu siku ya kwanza, mahali ambapo si rahisi kuzigusa, zikiwa na akiba kidogo kwa ajili ya kupanda kwa dola. Siku kijana atakapovuka vipimo vitatu, zitolewe bila kuchelewa. Mkulima wa Mpale hapeleki gunia sokoni kabla hajalipima mwenyewe nyumbani. Na kwa mtihani huu, mizani iko nyumbani.